Mchezo unajifunga baada ya dakika ishirini, na sasa haufunguki kabisa: nianzie wapi kabla ya kufuta kila kitu?

Mkazi wa Igoma

Salaam wakuu. Naomba msaada wa mwenye uzoefu, na naomba mnivumilie nikieleza kwa urefu, kwa sababu nimeona wanaouliza kwa mstari mmoja hujibiwa pia kwa mstari mmoja.

Ninatumia kompyuta ya mezani ya mtumba, ile midogo iliyokuwa ikitumika maofisini, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne, diski ya SSD na Windows 10. Ilikuja na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya GB 8 katika kipande kimoja, na mwezi uliopita nikaongeza kipande kingine cha GB 8 kutoka duka la vifaa vilivyotumika. Kadi ya michoro ni GTX 1050 Ti ya GB 4, ile fupi isiyohitaji waya wake wa umeme. Mchezo wenyewe ni wa mashindano ya magari, niliununua kihalali kupitia Steam, lile duka la michezo la mtandaoni, na ukubwa wake ni GB 58. Niliupakua kwa usiku tisa kwa kutumia bando la usiku wa manane, kwa hiyo mtaelewa kwa nini maneno "pakua upya" yananitia homa.

Mwanzoni nilicheza wiki mbili bila tatizo. Baadaye mchezo ukaanza kujifunga wenyewe: uko katikati ya mbio, picha inaganda kidogo, kisha unajikuta kwenye uso wa Windows bila ujumbe wowote. Mara nyingine ni baada ya dakika kumi na tano, mara nyingine nusu saa. Alhamisi iliyopita umeme ulikatika wakati mchezo unapokea sasisho, na tangu siku hiyo haufunguki kabisa. Nikibonyeza kitufe cha kucheza, dirisha jeusi linatokea na kutoweka kabla sijaondoa kidole kwenye kipanya. Mara moja tu lilitokea tangazo lenye namba 0xc0000005.

Nimepewa ushauri wa namna tatu. Binamu yangu anasema kadi imeungua, na kwa bahati anamjua mtu anayeuza nyingine. Video moja inasema nifute mchezo pamoja na Windows nianze upya. Tovuti nyingine inanitaka nipakue faili moja ya DLL (kipande cha programu ambacho programu nyingine hukitegemea) na kuitia kwenye folda ya System32. Sijafanya lolote kati ya hayo. Nianzie wapi?

Fundi wa Makorora

Ndugu wa Igoma, usifute chochote, na binamu mwambie asubiri. Una matatizo mawili yaliyokutana njiani: mchezo uliokuwa ukifunguka kisha ukajifunga katikati, na mchezo usiofunguka tangu umeme ulipokatika. Ukiyafanya kuwa moja utazunguka kama ngamia wa kinu cha ufuta. Tuanze na la pili, kwa kuwa ndilo jepesi.

Umeme ukikatika wakati faili inaandikwa, faili hiyo huweza kubaki nusu mpya na nusu ya zamani, na mchezo ukiisoma wakati wa kufunguka huanguka papo hapo. Kwanza ikague diski: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika chkdsk C: /f, kubali ukaguzi ufanyike kompyuta itakapowashwa tena, kisha uiwashe upya. Baada ya hapo nenda Steam, bonyeza jina la mchezo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia "Properties", kisha "Installed Files", na uchague kuhakiki mafaili. Programu itasoma kila faili iliyoko kwenye diski yako, itailinganisha na orodha ya watengenezaji, na itapakua zile tu zisizolingana. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kusoma diski, hivyo inakula muda zaidi kuliko bando. Watu wengi wanaofuta mchezo mzima na kuupakua upya wangepata matokeo yaleyale kwa njia hii, kwa MB chache. Nadhani ushauri wa kufuta umeenea kwa sababu hutolewa na watu ambao GB 58 kwao ni suala la dakika arobaini.

Kuhusu ile tovuti ya DLL: iache. Faili kama VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll hazisafiri peke yake. Ni sehemu ya kifurushi cha Visual C++ kinachotolewa bure na Microsoft, na unapaswa kukiweka kizima, cha biti 32 na cha biti 64, hata kama Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu programu za biti 32 hutafuta cha kwao. Michezo ya zamani inayolalamikia d3dx9_43.dll inataka vifaa vya DirectX vilivyotolewa Juni 2010, ambavyo Windows 10 haiji navyo. Ukichukua faili moja moja kutoka kwa mtu usiyemjua, ama utaweka ya biti 32 mahali pa biti 64 na kuzua kosa jipya la 0xc000007b, ama utakaribisha mgeni mbaya zaidi. Tena huenda huna haja ya kupakua: ndani ya folda ya Steam, fuata steamapps, common, kisha Steamworks Shared, utakuta folda iitwayo _CommonRedist, na mara nyingi vifurushi hivyo vimo humo tayari.

Sasa tatizo la kwanza, ambalo ndilo kubwa. Windows huandika daftari la matukio kila programu inapoanguka, nawe hujalisoma. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, fungua "Windows Logs" kisha "Application", utafute makosa mekundu yenye namba 1000 katika saa zile mchezo ulipojifunga. Mstari wa kwanza hutaja programu iliyoanguka, wa pili hutaja moduli iliyoangukia, yaani kipande cha programu kilichokuwa kikifanya kazi wakati huo, na wa tatu hutaja namba ya kosa.

Namba hizo zina maana. 0xc0000005 ni kwamba programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa. Ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na peke yake halikuambii mengi. 0xc0000135 ni kwamba faili ya DLL inayohitajika haikupatikana. 0xc000001d ni kwamba prosesa imepewa amri isiyoijua. Baada ya hapo ingia "System" uone kama kuna tukio namba 41 la Kernel-Power, ambalo huandikwa kompyuta ikiwa ilizimika bila kuagwa, au namba 4101, ambalo ni la draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya michoro. Tuletee mistari ya matukio matano au sita, si moja. Ukituletea moja tutabahatisha tu.

Binti Mvita

Naongezea upande wa kadi, kwa kuwa huyo binamu amenigusa. Mimi pia niliwahi kuambiwa kadi imeungua, na nikanunua nyingine, na tatizo likaendelea kama kawaida.

Kadi ya michoro ikikwama, Windows huisubiri sekunde mbili; isipojibu, mfumo huizima na kuiwasha upya draiva yake bila kuzima kompyuta. Utaona skrini ikiwa nyeusi kidogo kisha inarudi, na katika daftari la "System" litaandikwa tukio 4101. Mchezo wenyewe utalalamika kwamba kifaa kimeondolewa, kwa maneno kama DXGI_ERROR_DEVICE_REMOVED, ingawa hakuna mtu aliyechomoa kitu. Hizo ndizo dalili za kadi, draiva yake, joto au umeme unaoifikia. Kadi ikikosa umeme wa kutosha, mara nyingi kompyuta nzima huzimika au kujiwasha upya, na hapo utakuta namba 41. Namba 41 hiyo haisemi chanzo. Inasema tu kwamba mashine ilikufa ghafla. Mchezo kujifunga kimya na kukurudisha Windows, huku muziki wako unaendelea kupiga, hakufanani sana na kadi iliyoungua.

Hata hivyo pima joto kabla ya kuitoa kadi hatiani. Ukiwa na Windows 10 ya toleo la 2004 au jipya zaidi, fungua Task Manager, upande wa "Performance", uchague GPU; joto la kadi limeandikwa hapo pembeni. Kwa 1050 Ti, watengenezaji wameweka kikomo cha nyuzi 97 za Selsiasi, lakini mimi ikipita 85 huwa nafungua kisanduku na kutafuta vumbi. Visanduku hivi vya ofisini ni vyembamba, havikujengwa kwa ajili ya kadi, na kwetu pwani unyevu hulifanya vumbi kuwa kama ukoga kwenye mapezi ya feni. Huku Mombasa mwezi wa pili na wa tatu nacheza kifuniko kikiwa wazi na feni ya kusimama imeelekezwa humo. Si jambo la kitaalamu, lakini linafanya kazi.

Jambo la pembeni kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa na kompyuta mpakato: kama mashine yako ina kadi mbili, ile ya ndani ya prosesa na ile kubwa, mchezo unaweza kukataa kufunguka kwa sababu tu Windows imeupa ile ndogo. Ingia kwenye mipangilio ya skrini, sehemu ya "Graphics", uuchague mchezo na kuupa kadi yenye nguvu. Na kama mchezo unafunguka lakini unafunga unapojaribu kuhifadhi, angalia kama ulinzi wa Windows unaoitwa "Controlled folder access" umewashwa. Huo huzuia programu usizoziruhusu kuandika ndani ya folda ya Documents, na michezo mingi huhifadhi humo. Hilo lilinichukua siku nne kuligundua.

Mkazi wa Igoma

Ahsanteni sana. Nimefanya yote mliyosema, na nimerudi na habari nzuri moja na nyingine ambayo sijui niiweke fungu gani.

Nzuri ni kwamba chkdsk ilirekebisha kitu, kisha uhakiki wa Steam ukakuta mafaili matatu hayalingani, ukapakua MB 412, na mchezo ukafunguka. MB 412 badala ya GB 58, nimewaombea dua.

Nyingine ni kwamba bado unajifunga. Jana niliucheza mara nne, na mara zote haukuvuka dakika ishirini na tano. Joto la kadi lilifika nyuzi 71 tu. Daftari la "System" halina 4101 hata moja, na namba 41 ipo moja, ya ile Alhamisi ya umeme. Katika "Application" nimenakili matukio ya wiki mbili. Namba ya kosa ni 0xc0000005 karibu kote, ila moduli inabadilika: mara mbili ni faili ya mchezo wenyewe, mara mbili ni nvwgf2umx.dll, mara moja ni ntdll.dll. Na kuna tukio moja ambalo sikulitarajia: kivinjari changu cha intaneti nacho kilianguka Jumapili asubuhi kwa kosa hilohilo, wakati mchezo haukuwa umefunguliwa. Nilidhani siku ile ni mtandao.

Mzee wa Kibodi

Kwa heshima ya waliotangulia, mimi ningeanza na draiva. Hiyo nvwgf2umx.dll ni sehemu ya draiva ya kadi za NVIDIA, na ukiiona mara mbili katika matukio sita si jambo la kupuuza. Draiva zilizowekwa juu ya draiva za zamani, hasa kwenye mashine ya mtumba ambayo hujui ilikuwa na kadi gani kabla yako, huacha mabaki. Kuna programu ya bure iitwayo Display Driver Uninstaller. Iendeshe ukiwa kwenye hali salama ya Windows, intaneti ikiwa imezimwa ili Windows isikuwekee draiva yake kwa haraka, kisha weka draiva safi. Futa na akiba ya vivuli, yaani zile programu ndogo za kuchora ambazo kadi huzitengeneza mara moja na kuzihifadhi. Zima pia vitu vinavyojibandika juu ya mchezo: dirisha la Steam, la Discord, na vile vipimo vya fremu kwa sekunde. Kama mchezo unaruhusu kuchagua kati ya DirectX 11 na DirectX 12, jaribu ile ya 11.

Nichukue fursa hii kuwaasa pia wanaonunua mitumba, kwa sababu swali la kutofunguka huja kila mwezi. Prosesa za Intel za kizazi cha pili na cha tatu zina amri za AVX lakini hazina AVX2, ambayo ilikuja na kizazi cha nne mwaka 2013. Nazo Pentium na Celeron za miaka hiyo hazina hata moja. Mchezo unaodai AVX2 utafunga hapohapo kwa 0xc000001d, na hakuna draiva wala usakinishaji utakaoukomboa. Steam yenyewe iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024. Na wenye mashine mpya msijione mmeokoka: kwa baadhi ya prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 za mezani, volti zilizopanda kupita kiasi zilifanya michezo ianguke kwa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi imejaa, ilhali haikujaa. Intel ilitoa rekebisho, maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129, Agosti 2024, ambalo huwekwa kwa kusasisha BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, na ikaongeza miaka miwili ya dhamana. Watu walibadilisha kadi kwa kosa la prosesa.

Fundi wa Makorora

Mzee wangu, la prosesa mpya nakuunga mkono, na ndilo linalonifanya nisikubaliane nawe kuhusu draiva. Ujumbe unataja mahali mtu alipojikwaa, si lazima utaje aliyeweka jiwe. Kama kosa lingekuwa la mchezo, lingeangukia mahali pamoja, moduli ileile. Kama lingekuwa la draiva, tungeona nvwgf2umx.dll karibu kila mara pamoja na 4101 hapa na pale. Hapa kila siku anaanguka mwingine: mchezo, draiva, ntdll ambayo ni ya Windows yenyewe, na kivinjari. Kivinjari ndicho shahidi wangu mkuu. Hakikuwa na mchezo pembeni, hakikuwa na joto, na kimeanguka kwa kosa lilelile. Programu hizo nne zinashirikiana kitu gani? RAM. Na RAM iliongezwa mwezi uliopita, na tatizo nalo lilianza lini?

Nieleze kinachotokea, kwa sababu kinajibu pia swali la dakika ishirini. Programu haiiti data kwa jina, inaiita kwa anwani, na anwani hizo zenyewe zimehifadhiwa ndani ya RAM kama tarakimu. Kipande kibovu kinaweza kuhifadhi sifuri mahali palipoandikwa moja. Tarakimu moja ikigeuka ndani ya anwani, programu itabisha hodi nyumba isiyokuwa yake, na Windows itaifunga kwa 0xc0000005. RAM za kompyuta za kawaida hazina uwezo wa kugundua kosa kama hilo, tofauti na zile za seva. Eneo bovu huweza kuwa dogo sana katika GB 16, kwa hiyo Windows na programu ndogo hulikwepa siku nzima kwa bahati tu. Mchezo unapopakia viwanja, magari na sauti, unatandaza mkeka mpaka kwenye kona ile, na hapo ndipo unapoanguka.

Kupima ni bure, na faili ni ndogo mno kulinganisha na draiva mpya ya kadi ambayo inazidi MB 500. Ndiyo sababu ningependa RAM itangulie. Chukua programu ya kupima RAM iitwayo MemTest86, au Memtest86+ kama BIOS yako ni ya mtindo wa zamani, uiandike kwenye flashi, na uwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Windows ina kipimo chake, mdsched.exe, lakini kikisema ni salama mimi hukichukulia kama mlinzi aliyechungulia dirishani. Pima vipande vyote viwili pamoja kwanza. Kosa moja tu linatosha. Hakuna RAM yenye kosa "dogo". Yakitokea makosa, zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa kimoja, pima kilichobaki, kisha ubadilishane. Kinachokosea kijaribu pia kwenye nafasi ya mwenzake, usije ukakihukumu kipande kumbe ni nafasi ya ubao mama. Sugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli kabla ya kukata tamaa. Nimewahi kuokoa vipande viwili kwa kifutio cha shilingi mia mbili.

Soma na maandishi yaliyobandikwa juu yake. Kimoja kikiwa PC3-12800 na kingine PC3-10600, mashine itaviendesha vyote kwa mwendo wa kile cha polepole, na hilo kwa kawaida si kosa. Lakini ukiona vinatofautiana, tuandikie.

Jambo la mwisho, usihakiki tena mafaili ya Steam kabla RAM haijathibitika. Kila kinachopakuliwa hupitia RAM kabla ya kufika kwenye diski. Ungekubali kufuta na kupakua upya zile GB 58, ungezipitisha zote kwenye bomba lenye kutu na kujaza tangi safi maji machafu.

Mzee wa Kibodi

Kivinjari nilikisoma harakaharaka, nakiri. Pima RAM kwanza. Draiva itasubiri.

Mkazi wa Igoma

Nimerudi baada ya siku tatu, kwa sababu vipimo vilichukua saa nyingi na usiku mmoja umeme haukuwepo.

Vipande viwili pamoja: makosa yalianza kabla hata mzunguko wa kwanza haujaisha. Kile cha zamani kilichokuja na mashine, peke yake: mizunguko minne, ambayo ndiyo mwisho wa toleo la bure, hakuna kosa hata moja. Kile nilichokiongeza, peke yake: makosa 37. Nikakisugua kwa kifutio, nikakihamishia nafasi ya pili: makosa 35. Vyote vimeandikwa PC3L-12800, kwa hiyo havikutofautiana mwendo.

Nikabaki na GB 8 na kile kizuri tu, nikahakiki mafaili upya kama Fundi alivyosema. Faili moja haikulingana, na ilikuwa mojawapo ya zile tatu nilizozipakua wiki iliyopita! Kumbe niliirekebisha ikaharibika mkononi mwangu. Baada ya hapo nimecheza saa mbili na nusu mfululizo na mchezo haujajifunga. Unakwamakwama ninapoingia mjini, kwa sababu GB 8 hazitoshi na Windows inahamishia sehemu kwenye diski, nimepunguza ubora wa picha za barabara na unachezeka. Nilichopoteza ni mashindano ya msimu wa pili. Faili ya kuhifadhia ilikuwa imeharibika nayo, na hiyo haina pa kuhakikiwa.

Binamu nimemwonyesha picha ya skrini yenye mistari mekundu. Amesema kadi bado ina dalili.

Nina swali moja limebaki. Mwenye duka nimempigia simu, naye hakukataa, ila anasema kipande alikijaribu mbele yangu siku ya kukiuza na Windows ikafunguka, kwa hiyo nikipeleke akione mwenyewe. Niende nacho vipi ili tusibishane?

Fundi wa Makorora

Windows kufunguka si kipimo, na hata kwako ilikuwa ikifunguka kila siku. Nenda na flashi ileile uliyoitumia, pamoja na picha za matokeo, na umwombe kwa adabu aiwashie kwenye kompyuta yake yeye, kipande chako kikiwa peke yake ndani. Kwa idadi ya makosa uliyoyapata, hamtamaliza hata kikombe cha chai kabla ya mistari mekundu kutokea. Akikubadilishia, usiondoke na kipya kwa imani. Kipitishe hapohapo walau mzunguko mmoja kamili, na minne ukifika nyumbani, kabla hujafungua Steam.

Binti Mvita

Na uifanye nakala ya folda ya Documents kwenye flashi nyingine kabla ya kuwasha mchezo na kipande hicho kipya. Msimu wa tatu usije ukaufuata wa pili.